UZI: Juu saizi moja, chini saizi ingine. Sisi wenye miili tunavaa nini hii Nairobi?

NyongaMbili
Habari zenu wadau. Nisiwazungushe. Sista yangu mdogo ako na ruracio, ile sherehe ya mahari, wiki ya kwanza ya Desemba, na komiti ya WhatsApp imekaa, imeamua, imefunga mjadala: wasichana wote wa nyumbani tunavaa gauni ya kitenge ya samaki, ile inabana hadi magoti halafu inafunguka chini kama tarumbeta. Picha iliyotumwa ni ya dem hana hata pahali pa kuficha chapati moja. Sasa mimi vipimo vyangu kwa inchi ni hivi, sioni haya, kifua 44, kiuno 40, nyonga 54. Juu naingia 18 ya Uingereza, chini ni 24 na siku zingine 24 pia inalia.

Fundi wa komiti amepima kila mtu, wengine wote 3,500 na kitambaa, akafika kwangu akaangalia tepu akaangalia uso wangu akasema "madam wewe weka 4,500, kitambaa kitaenda kingi." Mbele ya watu. Mashangazi wakacheka kidogo hivi, ile ya pua.

Na si hiyo tu. Nguo za ofisi pia zimenishinda, blauzi ikitosha kifua mabega yanaanguka hadi kwa kiwiko, gauni ikipita nyonga huku juu inakaa gunia. Mwezi jana niliagiza gauni kwa duka moja la mtandaoni, nikalipa M-Pesa kwanza kama mjinga, ikaandikwa 4XL, ikaletwa na boda, nikaivaa ikasimama hapa kwa mapaja ikakataa kuendelea na safari. Nikapiga simu naambiwa hatuchukui bidhaa ikishavaliwa. Nimeivaa wapi jameni, ilifika mapajani! Saa hii anaivaa binti ya jirani, ako kidato cha tatu.

Swali langu: mnanunua wapi, mnashona wapi, na hii elfu moja ya unene ni haki ama naibiwa?

MamaTosha_Umoja
Wueh, karibu kwa chama. Hiyo 4XL ilikuwa ya China, si hivyo? Hizo herufi sahau kabisa. XL nne za huko ni kama 16 ya kwetu, zingine hata hazifiki. Uliza muuzaji akupimie nguo ikiwa imelala mezani, kwapa hadi kwapa halafu nyonga upande hadi upande, kila namba uzidishe mara mbili. Akikataa kupima, pesa ikae kwa simu.

Kijana_wa_Pipeline
Suluhisho ni jimu. Karibuni.

MamaTosha_Umoja
@Kijana_wa_Pipeline na akienda jimu avae nini njiani? Toka hapa.

Wa20NaJuu
Mimi nimevaa mitumba maisha yangu yote na siachi. Serikali ilipofunga mitumba isiingie 2020, kutoka Machi hivi hadi Agosti, wembamba walihamia kwa stoli za mjini, vile viduka vya nguo mpya, wakaendelea na maisha, sisi tulikoma, juu stoli za mjini ukiingia tu hata hujasema habari ya asubuhi unaambiwa "saizi yako hatuna mami". Sijasema nataka nini! Pengine nilitaka hereni!

Sasa sikiza siri ya Gikomba, lile soko kubwa la mitumba. Nenda mapema bale zikifunguliwa, kwa watu wa kamera, zile nguo za chaguo la kwanza, usingoje fagia ya jioni, yale mabaki juu saizi kubwa ni chache kwa bale na zikitoka zinachukuliwa na wale wenye maduka. Tafuta muuzaji mmoja wa magauni, umzoee, mpe namba yako, akipata kubwa anakuwekea. Wangu ananipigia saa kumi na mbili unusu asubuhi, "mami, zako zimeingia mbili." Nimetoka kwa kitanda nikipiga mswaki kwa matatu, karibu.

Halafu soma lebo. Ukiona Evans hiyo ilikuwa ya wanawake wakubwa Uingereza, Ulla Popken ya Ujerumani, Lane Bryant na Torrid za Marekani, hizo zimekatwa kwa ajili ya mwili kama wetu tangu mwanzo, si nguo ya mwembamba iliyopanuliwa. Ukiona namba na W baada yake, mfano 20W, hiyo W ni kwamba imepanuliwa kiuno na nyonga. Na ujue namba hazilingani: 16 ya Uingereza ni 12 ya Marekani, ni 42 ya Ujerumani, ni 44 ya Ufaransa, ni 48 ya Italia. Nilishawahi kubeba suruali mbili zote 48, moja ikaniingia moja ikanilaza kitandani nikivuta zipu, kumbe moja ni ya Mjerumani ingine ni ya Muitaliano.

NyongaMbili
Aki Gikomba naogopa. Kuna mahali pa kujaribu? Juu nikivulia watu nguo huko itakuwa habari ya saa moja.

Wa20NaJuu
Hakuna pahali pa kujaribu, ni wewe na Mungu wako. Vaa taiti na vesti ndani, beba leso na tepu ya kupimia. Leso unajifunga, nguo unapitisha juu ya vesti, kwisha. Na wachana na ile kitu ya kuzungusha kiuno cha suruali shingoni ati ikifika nyuma itakutosha. Hiyo ni ya watu wenye mwili umenyooka. Shingo yangu haijui chochote kuhusu nyonga zangu, hawajawahi kuonana.

Ukiona Gikomba ni vita, soko la Toi kule Adams kuna upole kiasi, bei inapanda kidogo lakini zimeshachaguliwa na hakuna mtu wa mkokoteni anakupigia kelele "kando kando" ukiwa umeinua mikono ndani ya gauni.

DadaWaLikoni
Jamani poleni, mimi ni mtu wa Mombasa niko South B kikazi, nawashangaa mnavyohangaika. Dera, lile gauni pana la kwetu pwani! Eastleigh zimejaa hadi zinamwagika. Unavaa, unajifunga leso kiunoni, mwili unapumua, na wala hamna mtu wa kukuuliza una saizi gani.

MamaTosha_Umoja
@DadaWaLikoni dada dera tunaipenda, mimi ninazo sita, lakini si ya ofisi na si ya ruracio. Huyu anataka watu wajue ako na kiuno.

DadaWaLikoni
Kiuno kinajulikana hata ndani ya dera mpenzi, ni mwendo tu. Haya basi, nimenyamaza.

FundiJogooRoad
Habari zenu. Mimi ni fundi, nashona maeneo ya Uhuru Market miaka mingi, naomba niongee hiyo elfu moja kwa sababu hapo nina la kusema.

Kitenge kina upana wa inchi 45 hivi, na kinauzwa yadi sita, yaani inchi 216. Hiyo ndio hesabu yote. Mtu wa nyonga 38, kipande cha mbele ni kama inchi 22 pamoja na mshono, cha nyuma vilevile, vyote viwili vinalala pamoja kwa upana mmoja. Gauni refu nakata inchi 60, naongeza mikono, nimemaliza chini ya yadi tatu. Kwa hivyo kitenge kimoja natoa wasichana wawili. Fundi wenu hajawaambia lakini hivyo ndivyo bei ya 3,500 imepatikana.

Wewe nyonga 54, naongeza 3 za kupumua inakuwa 57, nusu yake 28 na nusu, mshono, tuko 30 na zaidi. Mbili haziwezi kulala kwa 45. Kwa hivyo mbele inachukua inchi 60 yake na nyuma 60 yake, mikono tena kama 24. Jumla 144, yadi nne. Umezidi wenzako yadi moja. Kama kitenge kimenunuliwa 1,800, yadi ni 300. Kwa hivyo kitambaa ni kweli kinaenda kingi, lakini si elfu moja. Nikikuonea sana 500.

Hiyo ingine ni ya nini? Nitasema na wenzangu watanichukia. Mafundi wengi tunaongeza bei kwa mwili mkubwa kwa sababu hatujui kuukata, tunaogopa kurudia kazi. Pateni nyingi zimechorwa kwa kifua kidogo, zile za dukani kutoka nje nyingi ni kikombe cha sidiria cha B, halafu zinapanuliwa kila upande sawa. Lakini mifupa hainenepi. Mtu akitoka nyonga 40 hadi 54 bega lake halijaongezeka hata inchi mbili. Ndio maana ukinunua kubwa bega linaanguka, shimo la mkono linafunguka, sidiria inaonekana kando. Nguo imefikiri wewe ni jitu.

NyongaMbili
Fundi. Nimesoma hii mara tatu. "Mifupa hainenepi." Miaka kumi na tano nilikuwa nadhani mabega yangu ndio ya kulaumiwa.

Baba_Ryan
Wadau mimi ni mwanaume lakini niko hapa kwa heshima, mke wangu ametoka uzazi wa pili, ananuna kila asubuhi mbele ya kabati, nataka kumnunulia nguo ya surprise bila kuleta vita. Ninunue saizi gani?

Wa20NaJuu
@Baba_Ryan usinunue nguo. Kubwa atalia, ndogo atalia. Mnunulie kitambaa kizuri na umpe pesa ya fundi, ama mpeleke Jumamosi ukae na watoto.

Baba_Ryan
Kukaa na watoto ndio ngumu lakini sawa.

MamaTosha_Umoja
Narudi kwa NyongaMbili. Dada, mimi pia ni kama wewe, juu 16 chini 22, na nikakuja kugundua shida si saizi, shida ni gauni. Gauni moja inataka uwe saizi moja kuanzia shingo hadi mguu, na wewe ni watu wawili. Nunua vipande viwili! Juu yako, chini yako. Tangu niache kutafuta gauni za ofisi sijalia tena kwa stoli. Niko na sketi tatu nzito za nyonga zangu, nyeusi, bluu ya giza na ya udongo, na blauzi kama saba za kifua changu, na kila wiki watu wanadhani nimeshona mpya. Ukitaka ikae kama gauni vaa juu na chini rangi moja, jicho halioni pahali imekatika.

FundiJogooRoad
Huyu mama amesema ukweli. Na kurekebisha ni rahisi. Sketi ikiwa kubwa kiuno natoa inchi tatu kwa dati mbili nyuma, ile mikunjo ya kushonwa, ni kazi ya dakika ishirini. Lakini ukiniletea gauni bega limeanguka lazima nitoe mkono wote, nikate bega, nirudishe mkono, na hapo ukiniambia shilingi mia na hamsini tutakosana. Kwa hivyo wale wanasema "nunua inayopita pahali pana halafu fundi atapunguza", hiyo ni kweli kwa sketi na suruali. Kwa koti na blauzi angalia bega kwanza.

Wa20NaJuu
@FundiJogooRoad hapo tunatofautiana kidogo. Gauni isiyo na mikono nanunua ya nyonga na inapunguzwa juu vizuri tu, bega ni kamba, kuna nini ya kukata. Na gauni ya kufunga, ile inapishana kifuani unafunga kamba kando, hiyo haina saizi mbili, unaifunga pahali wewe umefika. Mbunifu wa mitindo Diane von Furstenberg alileta yake ya kitambaa cha kuvutika Marekani 1974 na hadi leo watu wanaikata vilevile, si bahati. Shida yake moja ni kifua, ukiinama kuchukua karatasi chini ofisi yote imeona maisha yako. Mimi naweka kifungo cha kubonyeza hapo mahali inapishana, kimefichwa ndani. Shilingi ngapi hizo, hata ishirini haifiki.

FundiJogooRoad
Sawa, isiyo na mikono nakubali. Na hicho kifungo weka hata kwa shati. Shati la vifungo likifunguka kifuani si lazima ununue kubwa, weka kifungo kingine cha siri katikati ya vile viwili vinavyogombana.

Kaptula_Nyeusi
Nyeusi tu. Nyeusi inapunguza. Kitu ingine yoyote mnajidanganya.

MamaTosha_Umoja
Nyeusi ya nini kwa ruracio, ni matanga?

Kaptula_Nyeusi
Nasema kwa jumla.

MamaTosha_Umoja
Hata kwa jumla. Nilivaa nyeusi miaka sita ofisini, nyeusi ya kitambaa chepesi cha kuvutika, kinashika kila kitu, kinashika mshono wa sidiria, kinashika kitovu. Siku moja nikavaa sketi ya rangi ya haradali kitambaa kizito kimeanguka chini vizuri na bitana ndani, ndio bosi akaniuliza kama nimepungua. Uzito wa kitambaa, dada zangu. Kishike kwa mkono ukiinue juu kidogo, ukiona vidole vyako upande wa pili, kitaonyesha na tumbo. Ukikikunja ngumi kikabaki na makunyanzi, saa nne asubuhi utakuwa ramani ya Kenya.

DadaWaLikoni
Nimecheka hiyo ya ramani. Mimi narudi na swali la maana sasa, mapaja. Jua la Nairobi siku hizi si mchezo, nikivaa gauni nikatembea kutoka Odeon hadi Upper Hill nafika naungua.

Wa20NaJuu
Baika ndefu ya pamba ndani, ile kaptula ya kubana inafika karibu na goti. Ukikosa, paka Arimis kabla ya kutoka nyumbani, ile ya kupaka ng'ombe, na usione haya, nusu ya Nairobi imepaka. Na suruali za jeans zinazokatika hapo katikati ya mapaja, usingoje zipasuke, mpelekee fundi zikiwa mpya aweke kiraka cha ndani. Zangu zinakaa miaka mitatu sasa.

NyongaMbili
Sawa nimerudi na mpango. Nimeongea na sista, si komiti. Sista amesema yeye hajali samaki wala omena, anataka tu rangi ifanane kwa picha. Kwa hivyo: nanunua kitenge kilekile, yadi zangu sita peke yangu, nashona juu na chini. Sketi na blauzi yenye kirinda kidogo kiunoni. @FundiJogooRoad sita zinatosha?

FundiJogooRoad
Zinatosha na zinabaki. Sketi kata vipande vinne, si viwili. Kila kimoja juu ni inchi 15 chini 20, kinafunguka polepole kutoka kwa nyonga. Ukivilaza kimoja kichwa juu kingine kichwa chini, viwili vinaenea kwa upana mmoja. Urefu 43 mara mbili, 86. Blauzi mbele na nyuma 56, mikono 22. Jumla 164, hata yadi tano haijafika. Ile mishono minne mirefu inavuta jicho kwenda chini, na inampa fundi pahali pa kukaza na kulegeza, mshono mmoja wa kando hauwezi.

Lakini chunga, kitenge hicho kina maua ama kina kitu kimesimama? Kwa sababu nikigeuza kipande kichwa chini, na picha ni ya ndege, nusu ya ndege zako watakuwa wamekufa.

NyongaMbili
Ngoja niangalie picha. Ni maduara. Maduara makubwa ya chungwa.

FundiJogooRoad
Maduara ni sawa, hayana kichwa. Lakini simama hapo hapo ukihakikisha ameweka kitambaa kifuani kabla ya makasi. Duara moja likikaa kila upande wa kifua, utaambiwa na watoto.

Na mengine haraka. Loweka kitenge usiku mmoja kabla ya kukata, kinarudi, yaani kinapungua. Upimwe ukiwa umevaa sidiria utakayovaa siku hiyo. Na upimwe nyonga ukiwa umekaa, wewe ukikaa 54 inaweza kuwa 56 ama 57, na ruracio ni kukaa. Sketi chini isikatwe kwa kuhesabu kutoka kiunoni, ipimwe kutoka sakafuni ukiwa umeivaa, kwa sababu makalio yanavuta nyuma juu. Nyuma inataka inchi moja na nusu zaidi ya mbele, kila mtu mwenye nyuma anajua hiyo aibu ya sketi imepanda kama inakimbia mvua.

Wa20NaJuu
Na nunua kwa mtu yuleyule komiti ilinunua, muulize kama ni mzigo uleule. Nilishanunua "kilekile" Biashara Street kwa duka la pili, chungwa ikakuja na wekundu ndani, kwa picha nilionekana mgeni kutoka upande wa bwana harusi.

NyongaMbili
Nimepata, duka moja, mzigo mmoja, 1,900 sita. Nimeambia fundi wa komiti nimejiondoa, amesema "hata 4,000 ni sawa madam." Sasa hiyo mia tano imetoka wapi? Nimeenda kwa mama mmoja Kenyatta Market, mwenyewe ana mwili kuniliko, aliniangalia akasema tu "mikono juu" akapima, hakuna uso, hakuna kuhema. 2,200 kushona.

MamaTosha_Umoja
Fundi mwenye mwili! Huyo usimwache.

*(wiki tatu baadaye)*

NyongaMbili
Nimerudi kutoa ripoti juu najua kuna watu walikuwa wanangoja.

Kujaribu mara ya kwanza kirinda cha blauzi kilikuwa kimeanzia katikati ya tumbo, pahali pabaya kabisa, ikanifanya nikae kama nimebeba sufuria. Yule mama akakitoa chote akakipandisha inchi mbili hivi, pale mbavu zinapoishia, na nikajiangalia kwa kile kioo chake kimevunjika kona moja nikanyamaza. Sijui niseme aje. Nilikuwa na kiuno. Kilikuwa kinakaa juu kuliko pahali nilikuwa nakitafuta hiyo miaka yote.

Nyuma ya sketi ilikuwa imepanda kama fundi alivyosema. Tukaishusha, inchi moja na robo. Nikaongeza mifuko.

Siku yenyewe ilienda vizuri isipokuwa kitu kimoja, sikufikiria kucheza. Mikono ikipanda blauzi inapanda, na wimbo ukikolea mikono inapanda. Kuna video. Shangazi wangu amenitumia mara nne. Wakinishonea tena naweka vesti ya rangi ileile ndani.

Wale wa samaki walipendeza, siwezi kudanganya, hasa wawili. Lakini kupanda ile nissan ya kukodi ilibidi wakunje gauni hadi magoti na waingie kwa mgongo, na binamu yangu mmoja, si mnene hata, alikaa ubavu njia yote kutoka Nyeri.

Na jambo lenyewe nililotaka kuwaambia: Jumatatu nilivaa ile sketi ofisini na blauzi nyeupe. Jana blauzi nimevaa na suruali nyeusi. Pesa ya nguo moja, nimevaa tatu.

DadaWaLikoni
Hongera mpenzi. Video tuwekee.

NyongaMbili
Haiwezekani.

Baba_Ryan
Mimi pia ripoti: nilikaa na watoto. Amenunua sketi mbili na viatu. Viatu havikuwa kwa makubaliano.

FundiJogooRoad
Vizuri sana madam. Sasa niambie, kulingana na hesabu yangu yadi moja na kitu ilibaki. Fundi alikurudishia?

NyongaMbili
Alinirudishia imekunjwa vizuri kabisa. Nilikuwa nataka kilemba. Mama yangu akaiona kwa mkoba, sasa ni foronya mbili ziko kwa kiti cha sebuleni huko Nyeri, na duara moja limekaa katikati ya kila moja, sawasawa.